Jinsi ya Kuutazama Mchoro wa Medea wa Delacroix: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Simu, Penseli na Saa Moja

Shangazi yangu hakuwa amewahi kulisikia jina la Medea. Jioni moja tukiwa barazani nilimpa simu yenye picha yake, sikusema neno. Akaisogeza mbali na macho, kama afanyavyo mtu aliyeacha miwani ndani, akatazama weee, kisha akasema: "Masikini. Mama anakimbia na wanawe. Nani anawafukuza?" Akanyamaza. Halafu: "Na hicho kisu, mwanangu, ni cha nani?"

Maswali hayo mawili, kwa mpangilio huo huo, ndiyo njia bora niijuayo ya kuutazama mchoro huu. Wengi wetu huanzia upande wa pili. Tunasoma kwanza kwamba Medea ni yule mama wa visasili vya Wagiriki aliyewaua wanawe kwa kisasi, ndipo tunafungua picha tumtafute muuaji. Tukimtafuta tunampata, na tukishampata tunaifunga picha. Mchoraji aliyeipigania turubai ya mita mbili na nusu anakuwa amefanya kazi ya bure.

Najua nimeshakumegea kisa. Si kitu. Utaona kwamba macho yakilazimishwa kuanza upya hutii, hata kama kichwa kinajua mwisho wake. Unachohitaji ni saa moja, karatasi isiyo na mistari, penseli, na picha yenyewe.

Hatua ya 1: Pata picha iliyo sahihi

Eugène Delacroix, Mfaransa aliyezaliwa 1798 na kufariki 1863, alimchora Medea zaidi ya mara moja. Tunaoutaka sisi ni mchoro mkubwa wa 1838, wa rangi ya mafuta, unaoitwa kwa Kifaransa Médée furieuse. Ulionyeshwa kwenye Salon ya Paris mwaka huo huo, yale maonyesho makubwa ambako wachoraji wa Ufaransa walijengewa jina au kubomolewa. Serikali ikaununua na kuupeleka Lille, kaskazini mwa nchi, na mpaka leo uko kwenye makumbusho ya Palais des Beaux-Arts ya mji huo. Uzeeni Delacroix alimrudia Medea kwa ukubwa mdogo. Mmoja wa michoro hiyo, wa 1862, uko Louvre, makumbusho makubwa ya Paris. Mwingine wa 1859 uliokuwa Berlin ulipotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo ukitafuta mtandaoni usiandike "Medea" peke yake. Ongeza Delacroix, 1838 na Lille, la sivyo utachanganya mchoro mmoja na mwingine bila kujua.

Chukua faili kubwa kuliko yote unayoweza kuipata. Mchoraji amefariki zaidi ya miaka 160 iliyopita, mchoro wake hauna tena wa kuudai hakimiliki, kwa hiyo usione haya kuupakua. Kabla ya kutazama, zima ile rangi ya manjano ambayo simu nyingi hujiwekea usiku. Mchoro huu una kahawia nyingi na giza jingi. Ukiongezewa manjano unakuwa uji wa ulezi. Ongeza mwanga wa kioo, ondoka juani.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka. Turubai ina urefu wa sentimita 260 na upana wa 165. Azima futi, na iwe ya fundi seremala, maana ile ya fundi cherehani huishia sentimita 150 na itakuacha njiani. Chora kwa chaki mstatili wa vipimo hivyo ukutani, usimame mbele yake. Unazidi kimo cha mlango wa kawaida, na upana wake ni kama wa milango miwili iliyopangwa pamoja. Mwanamke aliyemo ni wa ukubwa wa mtu halisi. Kwenye simu anakuwa kidoli. Kule Lille anakuwa mtu aliyeingia chumbani akiwa na kisu. Shika tofauti hiyo kichwani muda wote unapotazama kioo cha simu.

Hatua ya 2: Dakika tatu, majina ya vitu tu

Weka saa. Kwa dakika tatu andika kila unachokiona, na ujizuie kuandika unachokihisi. "Mwanamke" sawa, "mwanamke katili" hapana. Orodha yangu ya kwanza, niliyoiandika zamani kwenye ukingo wa daftari, ilikuwa hivi: pango, mwanamke kifua wazi, kitu kama taji kichwani, hereni, watoto wawili uchi, kisu, nguo nzito kuanzia kiunoni kwenda chini, giza, shingo iliyogeuka.

Ukimaliza soma orodha yako ukitafuta neno "hasira". Kama umeliandika, rudi kwenye picha ujiulize umeliona wapi hasa. Kwenye kinywa? Kwenye nyusi? Hapa ndipo mchoro unapoanza kuleta ukaidi, kwa sababu jina lake la Kifaransa linadai ghadhabu na uso haukubali moja kwa moja. Mimi naona mtu aliyesikia kishindo. Mwenzangu mmoja huona woga mtupu. Huna haja ya kuamua sasa. Weka alama ya kuuliza uendelee.

Hatua ya 3: Fuata mwanga

Finya macho mpaka picha ibaki mabaka tu, mabaka ya mwanga na mabaka ya giza. Hili ni zoezi la kale la wachoraji na halina gharama. Baka gani linang'aa zaidi? Kifua cha Medea, mabega yake, na miili ya watoto. Nuru inaingia kutoka nje ya pango na kuangukia palepale ambapo mama hunyonyesha.

Sasa panda polepole kutoka kifuani kwenda usoni. Nuru inafika kidevuni na shavuni, kisha inakatika. Sehemu ya juu ya uso imezama kivulini, macho yakiwemo. Delacroix angeweza kuuangaza uso wote. Pango ni lake na nuru ni yake. Amechagua kutunyima macho. Kwa kawaida tunapotaka kujua mtu anafikiri nini tunamtazama machoni, na hapa mlango huo umefungwa kwa kivuli kinachofanana na kitambaa alichofungwa mtu asione. Mwili umeangazwa kama wa mama, akili imefichwa. Ukipata hili tu, umeshapata nusu ya mchoro.

Nimeona wanafunzi wakiandika kwamba kivuli "kinaashiria uovu". Haya. Lakini kivuli hicho kinafanya kazi nyingine kabla ya kuashiria chochote: kinatuzuia kuhukumu, maana huwezi kumhukumu mtu ambaye hujamwona macho.

Hatua ya 4: Ziba kisu kwa kidole gumba

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyomtokea shangazi bila kufundishwa. Weka kidole gumba juu ya kisu kikapotee kabisa. Tazama kilichobaki.

Kilichobaki ni mama amewakumbatia wanawe ndani ya pango, akigeuka nyuma kuangalia hatari. Mkao wote ni wa kulinda. Anawashika kwa nguvu, kama tunavyomshika mtoto tunapovuka barabara yenye bodaboda. Uso wa mmoja unaonekana, umebanwa na umejaa hofu. Wa mwingine umefichika. Miili yao inaning'inia kwa namna isiyostarehesha: mwenye haraka hana muda wa kumweka mtoto vizuri mbavuni.

Ondoa kidole. Hakuna mkono uliosogea, hakuna uso uliobadilika, na bado picha nzima imegeuka. Mkono uliokuwa unakumbatia sasa unazuia mtoto asitoroke. Haraka iliyokuwa ya kukimbia sasa ni ya kumaliza jambo. Rudisha kidole, ondoa tena. Fanya hivyo mara tano. Delacroix amechora kukumbatia na kukamata kwa mstari uleule wa mkono, na kipande kidogo cha chuma ndicho kinachokuambia usome upande gani.

Kaa hapa muda mrefu kadiri utakavyo. Ukimwona mtu anapita haraka kwenye hatua hii, mrudishe.

Hatua ya 5: Shingo inakwenda wapi?

Medea hatutazami sisi wala hawatazami watoto. Anatazama kitu kilichoko nje ya mchoro. Chukua karatasi yako uchore mstari kutoka kwenye pua yake, uendelee nao mpaka nje ya ukingo, na mwishoni mwa mstari andika unachodhani kipo. Watu? Sauti? Mume? Moshi?

Usiseme "haijulikani" halafu ukaweka penseli chini. Mchoraji amekupa nafasi ujaze, na jibu lako utalihitaji kwenye Hatua ya 7.

Hatua ya 6: Pembetatu

Unganisha kichwa cha Medea na ncha mbili za chini za kundi hili la watu watatu. Utapata pembetatu. Kwa macho ya Mfaransa wa 1838 aliyelelewa kwenye kumbi za Louvre, pembetatu ya mama na watoto ilikuwa na historia ndefu. Ndivyo Waitaliano walivyompanga Bikira Maria na Mtoto, na ndivyo walivyouchora Upendo, ile fadhila inayoonyeshwa kama mwanamke aliyezungukwa na watoto anaowalisha. Louvre yenyewe ina mchoro wa namna hiyo, wa Andrea del Sarto, wa 1518: mwanamke ameketi, mtoto mmoja ananyonya, wengine wako naye, umbo zima limetulia kama kilima.

Weka picha hizo mbili sambamba kwenye simu. Delacroix amechukua umbo la fadhila ya upendo akalitia kisu. Mtazamaji wa Salon hakuhitaji kuambiwa. Macho yake yalikuwa yamezoea kwamba umbo hili maana yake ni usalama. Sisi ambao hatukulelewa na michoro hiyo tunaikosa dhihaka hii mpaka tuipange sambamba, ndiyo maana hatua hii ipo.

Hatua ya 7: Sasa kisa

Medea alikuwa binti wa Aeetes, mfalme wa Colchis, pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, sehemu ambayo leo imo nchini Georgia. Babu yake alikuwa Helios, jua lenyewe. Jason akaja na merikebu iitwayo Argo kutafuta ngozi ya dhahabu ya kondoo dume. Peke yake asingeipata. Medea akampenda, akampa dawa na mbinu, akamsaliti baba yake, akaiacha nchi yake kwa ajili ya mgeni. Wakazaa watoto wawili wa kiume, na mwishowe wakaishi Korintho, ndiyo hiyo hiyo ya nyaraka za Paulo, karne nyingi kabla ya Paulo. Hapo Jason akaamua kumwoa binti wa Creon, mfalme wa mji. Medea akaamriwa aondoke, yeye na watoto.

Nimeandika "dawa" kwa makusudi. Maandishi mengi ya Kiswahili humwita Medea mchawi na kumaliza. Neno la Kigiriki pharmakon lilibeba tiba, sumu na hirizi kwa pamoja, na bahati yetu ni kwamba "dawa" ya Kiswahili hubeba vivyo hivyo: dawa ya kikohozi, dawa ya panya, dawa ya mapenzi. Mwite mjuzi wa dawa. Ukimwita mchawi umeshamhukumu, na tumetoka kusema macho yake yamefichwa ili usifanye hivyo.

Tamthilia iliyompa Medea sura tunayoijua ni ya Euripides, mtunzi Mgiriki, iliyoigizwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo na kushika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho, kwenye mashindano. Humo Medea anawaambia wanawake wa Korintho kwamba ni afadhali asimame vitani mara tatu na ngao kuliko kuzaa mara moja. Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi wangemsogezea kiti. Kisha anatuma zawadi kwa bibi harusi, vazi na taji vilivyotiwa sumu. Wanaozipeleka ni watoto wenyewe. Binti anaungua, baba yake anamkumbatia na kufa pamoja naye.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mchoro unapofunguka. Baada ya zawadi kufika, watoto hawako salama tena. Wamebeba mauti ndani ya nyumba ya mfalme, na mji utataka damu yao. Medea anajishauri, anageuza nia, anairudisha, anasema hatawaacha wauawe na mkono wenye uadui kuliko wake. Anakiri kwamba anajua ubaya wa atakachofanya, ila ghadhabu inaishinda fikra yake. Wakati huo yeye ni mama anayetishwa na mama anayetisha, ndani ya pumzi moja.

Rudi kwenye mstari uliouchora Hatua ya 5. Uliandika nini mwishoni? Kama uliandika "wanaomfukuza", hukukosea. Shangazi hakukosea. Yupo anayekuja kwa hakika. Kisu hakifuti jibu la kwanza. Kinakaa juu yake, yote mawili yakiwa kweli.

Mwisho wa tamthilia Medea anapaa na gari la babu yake, Jua, akiwa na maiti za watoto, akielekea Athens. Delacroix hakuchora hilo.

Hatua ya 8: Kwa nini dakika hii?

Fikiria dakika ambazo mchoraji angeweza kuzichagua: Jason akitoa kauli yake, bibi harusi akiwaka, kisu kikishuka, gari likipaa. Kila moja ingekuwa kubwa. Kwa nini hii, ambayo ukiitazama vizuri hakuna kilichotokea bado?

Jibu la kwanza ni la ukumbi wa Kigiriki. Watoto hawauawi mbele ya watazamaji; sauti zao zinasikika kutoka ndani ya nyumba. Horace, mshairi wa Roma, alilifanya sheria: Medea asiwachinje watoto mbele ya watu. Jibu la pili ni la Mjerumani Lessing, aliyeandika mwaka 1766 kwamba mchoraji ana dakika moja tu, basi asiitumie kwenye kilele, kwa sababu baada ya kilele fikra ya mtazamaji haina pa kwenda. Mfano aliousifu ulikuwa ni Medea huyu huyu, wa Timomachus, mchoraji wa zamani aliyemwonyesha kabla ya tendo. Julius Caesar aliununua mchoro huo pamoja na mwingine wa Ajax, shujaa wa Wagiriki, kwa talanta 80, akaiweka katika hekalu la Venus mjini Roma.

Mchoro wa Timomachus umepotea, lakini kuta za Pompeii na Herculaneum, miji ya Italia iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, zimehifadhi Medea wengine wanaofuata wazo hilo. Tafuta ule wa Pompeii. Medea amesimama kando na upanga. Watoto wanacheza vifupa, mchezo ulio ndugu wa mdako wetu, na mtunzaji wao mzee anawatazama. Hawajui lolote. Kinachoumiza pale ni umbali kati ya mama na mchezo.

Delacroix ameufuta umbali huo. Amewatoa watoto mchezoni akawatia mikononi mwake, ngozi kwa ngozi. Wa Pompeii hawajui. Wake wanajua, au angalau miili yao inajua. Na amewatoa nyumbani, kwa sababu kwa Euripides mauaji yanafanyika ndani ya nyumba Korintho, akawaweka pangoni. Kwa nini pango? Kwa muda mrefu nilidhani ni mapambo tu ya zama zile zilizopenda majabali. Kisha nikakutana na yaya katika tamthilia akisema kwamba Medea anawatupia watumishi jicho la simba jike aliyetoka kuzaa. Mwishoni Jason naye anamwita simba jike, si mwanamke. Simba mmoja, midomo miwili: kwa yaya ni mzazi anayelinda, kwa mume ni mnyama. Tangu siku hiyo naliona pango kuwa pango la simba, na swali ni simba yupi kati ya hao wawili aliyemo ndani yake.

Hatua ya 9: Rangi na zama, kwa ufupi

Delacroix huhesabiwa kuwa kinara wa Uromantiki katika uchoraji wa Ufaransa. Wahakiki wetu wengine huuita mkondo huo "ulimbwende", neno ambalo kwa msomaji wa kawaida huleta mashindano ya urembo, kwa hiyo silitumii. Ni mkondo uliothamini hisia kali, rangi na mwendo kuliko mistari safi iliyotulia. Upande wa mistari alisimama Ingres, mchoraji mwingine Mfaransa, na mabishano ya wafuasi wao yalidumu miaka mingi. Delacroix alimpenda sana Rubens, mchoraji wa Flandria wa karne ya 17. Miili ya watoto hawa, iliyojaa na yenye wekundu chini ya ngozi, ina damu ya Rubens. Mwaka 1832 alisafiri Morocco na msafara wa balozi wa Ufaransa, na wengi husema safari hiyo ilibadilisha jinsi alivyoiona nuru. Ila Medea hakuzaliwa na safari hiyo. Shajara yake ya 1824 inamtaja tayari, kwa hiyo alitembea na mwanamke huyu kichwani miaka 14 kabla ya Salon.

Zoezi la dakika mbili: kuza picha sehemu ya kifua, kisha sehemu ya mwamba. Angalia brashi ilivyotulia kwenye ngozi na ilivyokwenda ovyo kwenye jiwe. Inatosha.

Hatua ya 10: Andika ukurasa wako

Anza na aya inayoeleza ulichokiona bila kumtaja Medea kabisa. Msomaji wako aone pango, mikono na kisu kabla hajaona jina. Aya ya pili itoe jina na kisa, kwa sentensi tano zisizidi. Ya tatu ichukue kitu kimoja tu katika ulivyogundua, kivuli cha macho, au kidole gumba, au pembetatu, ukichimbe mpaka chini. Wanaojaribu kuviingiza vyote huishia na orodha ya soko.

Kuhusu neno la kumwelezea: kwa Kiswahili mhusika wa aina hii ni wa tanzia, neno lile lile linaloandikwa juu ya matangazo ya vifo. Tulitumie bila wasiwasi. Ila tanzia ya ukumbini haimaanishi tu kwamba mtu amekufa. Mtu anaona linalokuja, ana nafasi ya kusimama, na hasimami. Ukurasa wako uonyeshe nafasi hiyo iko wapi kwenye turubai. Kwa maoni yangu iko kwenye shingo: muda ambao kichwa kimegeuka nyuma, kisu hakijafanya lolote.

Ukiwa na darasa, mambo mawili. Picha ina kifua wazi na watoto uchi, kwa hiyo zungumza na mkuu wa shule mapema, au anza na kipande cha uso na mikono tu. Mazoezi mengi hapo juu bado yanafanya kazi. Na usiwaambie wanafunzi kisa kabla ya Hatua ya 7 hata wakikubembeleza. Watakubembeleza. Tena chunga: mauaji ya watoto nyumbani si kisasili kwa kila mtu, na darasani anaweza kuwepo aliyepoteza ndugu kwa njia hiyo. Akiomba kutoka, mwache atoke bila kuulizwa.

Kama umeipenda kazi hii, hatua inayofuata ni kuinakili kwa mkono. Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyekuja baadaye, aliinakili kwa rangi za maji. Nakala yake iko Zürich. Usilenge kufanana. Nakili mkono ulioshika watoto peke yake, mara tatu, na utagundua ni vigumu kiasi gani kuchora mkono ambao hujui kama unaokoa au unazuia.

Siku mbili baada ya jioni ile ya barazani, shangazi alinipigia simu kuhusu mambo ya harusi ya binamu, na kabla ya kukata akauliza: "Wale watoto wa yule mama, majina yao nani?" Nikakwama, kwa sababu Euripides hakuwapa majina, ni watoto tu. Jioni nikatafuta. Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya pili, alipofika Korintho alionyeshwa kaburi lao, na wenyeji walikuwa na kisa chao kingine, kwamba waliowaua kwa mawe ni watu wa mji, kwa sababu ya zile zawadi. Yeye ameyaandika majina. Nikampigia shangazi.

"Mermeros na Pheres," nikamwambia.

Akayarudia polepole, akakosea la kwanza, akalirudia tena mpaka likakaa.